Mke wa Mtu Karamuni

Yako makosa ambayo hufanywa na mtu mmoja, yakanakiliwa na wengine, hata kule kunakiliwa kwenyewe kukayavika joho la ukweli. Kosa ninalokusudia kulishambulia katika kurasa hizi lina umri wa zaidi ya miaka elfu mbili na mia tatu. Aliyelianzisha ni Theopompus wa Chios, mwanahistoria wa Kigiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo. Aliyelihifadhi ni Athenaeus, mkusanyaji wa habari za karamu na walaji, aliyeandika mnamo mwaka 200 baada ya Kristo. Na wanaolieneza leo ni sisi walimu, katika kumbi za vyuo, mbele ya vijana waliokuja kwetu kutafuta elimu.

Theopompus alisema nini? Alisema kwamba Waetruski, taifa lililokaa Italia ya kati kabla ya Warumi kuitawala nchi ile, walikuwa wakishirikiana wanawake. Kwamba wanawake hao walifanya mazoezi ya mwili uchi pamoja na wanaume. Kwamba walikula chakula si na waume zao bali na yeyote aliyekuwapo. Kwamba walikuwa walevi hodari. Na kwamba watoto walilelewa pasipo kujulikana baba zao. Mashtaka matano katika pumzi moja, wala hakuna shahidi hata mmoja aliyeitwa.

Nilihudhuria mhadhara fulani, katika chuo nisichopenda kukitaja, ambamo mhadhiri alionyesha picha ya jeneza la udongo la Cerveteri. Akasema, hawa ndio Waetruski, watu wa anasa. Ukumbi ukacheka. Msichana mmoja aliyekaa mbele akanyosha mkono, akauliza kama yule mwanamke pale kitandani ni mke wa yule mwanamume. Mhadhiri akajibu, "Labda." Neno hilo moja ndilo lililonishikisha kalamu.

Jeneza lenyewe lilipatikana mwaka 1881 katika makaburi ya Banditaccia, likiwa vipande vipande kwa mamia, na sasa limo katika makumbusho ya Villa Giulia mjini Roma. Lilifinyangwa mnamo mwaka 520 kabla ya Kristo. Urefu wake ni karibu meta mbili. Juu ya kitanda cha karamu wamejilaza watu wawili, mwanamke mbele na mwanamume nyuma yake, wote wameegemea upande wa kushoto. Mwanamume yu kifua wazi na miguu mitupu. Mwanamke amevaa kofia laini na viatu vilivyochongoka mbele. Mkono wa kuume wa mume umepita juu ya bega la mke. Viganja vyao vimekunjwa kama vilivyoshika vitu, lakini vitu vyenyewe vimepotea, na wataalamu hukisia tu: kikombe, yai, komamanga, au kichupa cha marashi ambacho mke alikuwa akimmiminia mumewe. Nyuso zao zafanana, zimetabasamu tabasamu moja, nao wamelala kwa utulivu kama watu waliokwisha kulala hivyo mara elfu. Liko la pili linalofanana nalo, kutoka mji uleule, ambalo sasa limo katika makumbusho ya Louvre baada ya serikali ya Ufaransa kuinunua hazina ya Campana mwaka 1861.

Ni nani aliyetazama picha hiyo kwa macho yake mwenyewe akaona ulevi? Hakuna anayeuona isipokuwa amekwisha kuambiwa. Na aliyemwambia ni Mgiriki.

Sharti basi tumweleze Mgiriki huyo. Katika Athene ya zama zile karamu ya jioni ilikuwa shughuli ya wanaume. Walijilaza juu ya vitanda, wakanywa, wakaimba na kubishana. Na wanawake waliokuwamo walikuwa wapiga zumari, wachezaji, na mahawara wa kulipwa. Mke wa mtu alikuwa ndani. Jambo hilo lilijulikana kwa wote, hata likatumiwa mahakamani. Katika hotuba ya Isaeus juu ya mirathi ya Pyrrhus, msemaji ataka kuthibitisha kwamba mwanamke fulani hakuwa mke wa ndoa, na mojawapo ya hoja zake ni kwamba mwanamke huyo alihudhuria karamu pamoja na wanaume. Wake wa ndoa, asema, hawaendi na waume zao karamuni. Sasa mchukue mtu aliyelelewa katika sheria hiyo, mpe habari za nyumba ya Mwetruski ambamo bibi wa nyumba amejilaza kitandani pamoja na mumewe mbele ya wageni. Atafikiri nini? Kwake yeye mwanamke karamuni ana maana moja tu. Kwa hiyo akayajaza yaliyobaki kwa mawazo yake: kama wapo karamuni, basi ni wa watu wote, na kama ni wa watu wote, basi watoto hawana baba. Huu ni mnyororo wa mantiki uliofungwa kwenye mti wa desturi ya kwao, na mti wenyewe haukuota Etruria.

Athenaeus huyohuyo ametuhifadhia sentensi nyingine, ya Aristotle, isiyo na matusi yoyote: kwamba Waetruski hula wakiwa wamejilaza pamoja na wake zao chini ya nguo moja. Nimeandika "wake zao", na hapo naomba msomaji asimame nami kidogo, maana hili laihusu kazi yangu ya kila siku. Kigiriki kina neno moja, gyne, kwa mwanamke na kwa mke. Sisi tunaoandika Kiswahili hatuna mahali pa kujificha, yatupasa kuchagua. Tukisema hula na wake zao, tumeeleza desturi ya nyumba. Tukisema hula na wanawake, tumeufungua mlango wa fitina. Nimesahihisha tafsiri nyingi za wanafunzi, na wengi wao huchagua la pili pasipo kujua kwamba wamechagua.

Sasa na tuwaite mashahidi ambao Theopompus hakuwaita. Wapo, nao wana majina.

Huko Tarquinia liko kaburi liitwalo Kaburi la Ngao, lililochorwa katika karne ya 4, yaani karne ileile ya Theopompus. Ukutani yumo Larth Velcha amejilaza kitandani, na mkewe, Velia Seitithi, ameketi karibu naye. Mbele yao meza ya chakula. Mahali pengine wamo baba na mama yake Larth: Velthur Velcha na Ravnthu Aprthnai. Majina haya sikuyabuni mimi wala hayakubuniwa na mtaalamu yeyote. Yameandikwa pale ukutani kwa Kietruski. Nauliza: ni nani amwandikaye hawara wa usiku mmoja, kwa jina lake na kwa jina la ukoo wake, katika kaburi la jamaa yake, karibu na mama yake mzazi? Na angalia tena majina yenyewe. Kila mwanamke ana jina lake na ana jina la ukoo wa kwao, hata baada ya kuolewa. Mwanamke wa Kirumi aliitwa kwa jina la ukoo wa babake tu, Cornelia au Julia, na kama walikuwa dada wawili waliitwa vivyo hivyo wote wawili.

Kuhusu watoto wasio na baba, mashtaka hayo yanaanguka kwa kusoma kaburi lolote. Maandishi ya Waetruski humtaja marehemu kwa jina lake, kwa ukoo wake, kwa jina la babake, na mara nyingi kwa jina la mamake pia. Watu waliotaja wazazi wote wawili juu ya mawe ndio walioambiwa hawakumjua hata mmoja! Sijui kama uko uzushi mwingine katika historia uliokanushwa kwa ukamilifu namna hii na watu waliozuliwa, tena kwa mkono wao wenyewe, na bado ukaendelea kusomeshwa.

Najua jibu nitakalopewa. Nitaambiwa kwamba hizi ni picha za makaburini. Kwamba zaonyesha karamu ya ahera, si karamu ya dunia. Kwamba haifai kuzisoma kama habari za nyumbani. Hoja hii ina nusu ya haki. Hatuwezi kusema kwamba kila jioni Larth na Velia walikula hivyo. Lakini mwenye hoja anisaidie: mtu akimtengenezea mamake au mkewe mahali pa kukaa milele, humpa mkao wa aibu? Kama kujilaza karibu na mumewe mbele ya watu kungekuwa fedheha, basi jamaa wale walioligharimia jeneza lile la Cerveteri wangekuwa wamemfedhehesha mama wa nyumba yao kwa gharama kubwa. Ahera ya watu hutengenezwa kwa mambo wayaonayo mema duniani.

Tena ziko picha zisizo na karamu kabisa zinazofundisha jambo hilohilo. Mjini Boston yamo majeneza mawili yaliyotoka Vulci, ya watu wa jamaa moja: juu ya moja wamelala Ramtha Visnai na Arnth Tetnies, na juu ya lingine Larth Tetnies, mwana wao, na mkewe Thanchvil Tarnai. Wamekumbatiana, wakitazamana uso kwa uso, na wamefunikwa nguo moja. Hapa ile nguo moja ya Aristotle imegeuka jiwe, nayo ni nguo ya ndoa. Na huko Volterra, katika karne ya mwisho kabla ya Kristo, wakati Etruria ilipokuwa imekwisha kumezwa na Roma, mfinyanzi mmoja alitengeneza juu ya kifuniko cha chombo cha majivu mume na mke wazee. Nyuso zimejaa makunyanzi. Mke amemgeukia mumewe, anamkazia macho. Hakuna uzuri wa ujana wa kumfurahisha mtazamaji, wala tabasamu la Cerveteri. Wapo wazee wawili waliozoeana tu. Ninapoonyesha picha hii darasani hakuna anayecheka, wala anayeniuliza kama huyu ni mkewe.

Hapa baadhi ya rafiki zangu watapiga makofi, nami nawaomba wasifanye haraka, maana kombora la pili ni lao. Liko kundi lingine lililoukataa uzushi wa Theopompus kwa kuugeuza nje ndani. Bachofen, mwanachuoni wa Uswisi, alichapisha mwaka 1870 kitabu juu ya hadithi ya malkia Tanaquil, akitafuta katika Italia ya kale masalio ya zama ambazo, kwa rai yake, akina mama ndio waliotawala. D. H. Lawrence alizuru makaburi haya mwaka 1927, na kitabu chake kilipotoka mwaka 1932, baada ya kufa kwake, wasomaji walipata Waetruski waliokuwa watoto wa furaha, wasiojua hila wala hofu, kinyume cha Warumi wenye mabavu. Tangu hapo yule mwanamke wa Cerveteri amekuwa mara malkia, mara mwanamke huru kuliko wote wa zama za kale, mara bendera ya kila mwenye shauri lake. Zamani alisingiziwa uovu. Sasa asingiziwa uhuru. Katika hali zote mbili hakuulizwa.

Jina la mama juu ya jiwe si ushahidi wa enzi ya akina mama; limesimama kando ya jina la baba, halikukaa mahali pake. Ni dalili ya koo mbili kubwa zilizoungana, na kila moja yataka ionekane. Tena wale wanaopenda kusema kwamba mke wa Kietruski alijilaza sawasawa na mumewe hawapendi kutaja kwamba katika Kaburi la Ngao Velia hakujilaza: ameketi ukingoni mwa kitanda. Kati ya Cerveteri ya mwaka 520 na Tarquinia ya karne ya 4 desturi ya kuonyesha wake ilikuwa imebadilika. Mimi ninayewatetea siwezi kulificha hilo kwa sababu laniharibia hoja. Nalisema, na hoja yangu yabaki palepale: ameketi, lakini yupo, na jina lake lipo.

La kubwa zaidi ni lile wasilolitazama kabisa. Nani alipika? Karibu na Orvieto, mwaka 1863, lilifunuliwa kaburi ambalo leo laitwa Golini la Kwanza, na picha zake sasa zimo katika makumbusho ya mji huo. Upande mmoja ni karamu ya mabwana. Upande mwingine ni jikoni. Ng'ombe aliyechinjwa amening'inizwa, kichwa chake kimewekwa chini. Wametundikwa ndege na sungura. Watumishi wanapanga vyakula juu ya meza. Mmoja ameinamia kazi ya mikono huku mpiga zumari akimpigia. Kando ya watumishi nao yameandikwa maneno, ambayo wataalamu wangali wakibishana juu ya maana yake. Mchoraji yule alikuwa na insafu kutushinda. Alijua kwamba karamu ina pande mbili za ukuta, akazichora zote mbili. Sisi twakata picha, twauweka upande wa vitanda katika vitabu vyetu, na upande wa jiko twauacha gizani. Kisha twaandika sura nzima juu ya uhuru wa mwanamke wa Kietruski, kana kwamba mwanamke aliyekuwa akitumika hakuwa mwanamke.

Na Warumi? Wao walimrithi Theopompus kwa namna yao. Livius aeleza jinsi wana wa mfalme Tarquinius walivyokwenda usiku kuwachungulia wake zao: wake wa kifalme walikutwa wakistarehe karamuni pamoja na wenzao, bali Lucretia alikutwa akisokota sufu kati ya vijakazi wake. Hadithi nzuri, nayo yatufunza sana juu ya zama za Livius mwenyewe. Watu husahau kwamba Collatinus, mumewe Lucretia, alikuwa wa ukoo uleule wa akina Tarquinius. Watu husahau pia kwamba Livius aliandika katika zama za Augustus, ambaye mwaka 18 kabla ya Kristo alitoa sheria za ndoa na za zinaa. Mke mwenye sufu alikuwa ndiye mke aliyetakiwa wakati ule. Valerius Maximus, katika enzi ya Tiberius, akaongeza kwamba hapo kale wanaume wa Kirumi walijilaza na wanawake wakaketi, na kwamba sasa murua huo umebaki kwa sanamu za miungu tu katika karamu ya Capitol. Sitaki kumwita mwongo. Lakini Matthew Roller, katika kitabu chake cha mwaka 2006 juu ya mikao ya Warumi chakulani, ameyapima maneno ya namna hii kwa vitabu na kwa picha, akaonyesha kwamba yamejaa mahubiri kuliko habari. Na Cornelius Nepos, Mrumi wa kabla ya Valerius, alijigamba waziwazi juu ya jambo lilelile ambalo Theopompus aliliona uchafu: ni Mrumi gani, auliza, aonaye haya kumpeleka mkewe karamuni?

Ushahidi niupendao kuliko yote umo Pompeii, katika chumba cha kulia cha nyumba iitwayo Nyumba ya Mwadilifu, iliyofunikwa pamoja na mji huo mwaka 79 baada ya Kristo. Mwenye nyumba aliandika ukutani maagizo kwa wageni wake: mtumwa awaoshe miguu na kuikausha, wasiwakodolee macho wake za watu, wasigombane, na wakishindwa waende kwao. Hakuna mtu aandikaye onyo la kutowatazama wake za watu katika chumba wasimoingia wake za watu. Walikuwamo basi, nao walikuwamo kwa heshima, na mwenye nyumba alitaka heshima hiyo ilindwe. Zipo pia Pompeii picha za karamu zenye wanawake na wanaume wakibusiana. Hizo sizitumii, maana hazina majina, na huenda ziliigwa kutoka picha za Kigiriki za mahawara. Nikimkataza Theopompus kukisia, nami sina budi kujikataza.

Nimesema juu ya waliosimama nyuma ya vitanda, nami sitaki kuwaacha huko. London, katika Makumbusho ya Uingereza, liko jiwe la kaburi la mnamo mwaka 80 kabla ya Kristo, lililotoka Via Nomentana. Ni la Lucius Aurelius Hermia, mwenye bucha katika kilima cha Viminal, na mkewe Aurelia Philematium. Wote wawili walikuwa watumwa wakaachwa huru. Mtumwa wa Kirumi hakuwa na ndoa mbele ya sheria; alikuwa na mwenzi tu, na bwana aliweza kuwatenga apendapo. Kwa hiyo wawili hawa, walipopata fedha ya kuchongesha jiwe, hawakujilaza juu ya kitanda cha karamu. Wamesimama, wanaelekeana, na mke ameuinua mkono wa mumewe hadi mdomoni mwake.

Maandishi yamsemesha mke. Asema kwamba alikuwa safi, mwenye haya, mwaminifu kwa mumewe, asiyejua makundi ya watu. Yule bibi wa Cerveteri hakuhitaji kusema hata neno moja kati ya hayo. Mali na ukoo vilimsemea, akaweza kujilaza mbele ya dunia nzima na kutabasamu. Philematium alikuwa mtu ambaye mwili wake ulipata kuwa mali ya mwingine, na kwa hiyo kila neno la usafi ilimpasa kulichongesha, asije akaja Theopompus wake. Asema tena kwamba mumewe alikuwa kwake zaidi ya mzazi. Kwamba alimchukua kifuani pake alipokuwa na umri wa miaka 7. Na kwamba amekufa ana miaka 40.

Nimewasomea wanafunzi maandishi hayo mara nyingi. Kila mara hukaa kimya wanapofikia ile miaka 7, na kila mara yuko mmoja atakaye nimwambie kama haya ni mahaba ama ni jambo jingine. Humrudisha kwenye jiwe: mkono ulipo, mdomo ulipo, na maneno yalivyopangwa, ya mume upande mmoja na ya mke upande mwingine.